Fainali haina marudiano: kutazama kombe la Ulaya ukiwa huku kwetu

Mechi ya ligi ikikupita leo, wiki ijayo ipo nyingine. Fainali ni ya siku moja, na vinavyoiharibu kwa mshabiki wa huku ni vilevile kila mwaka: saa, malipo, mvua na umeme. Karibu vyote vinatibika mapema. Siku yenyewe fundi dishi hapokei simu, maana naye ana timu.

Anza na saa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza. Tanzania, Kenya na Uganda hatubadilishi saa. Wazungu wanabadilisha: Jumapili ya mwisho ya Machi wanazisogeza mbele kwa saa moja, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanazirudisha. Kwa hiyo London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi yao, na saa mbili wakati wa joto. Chukua mwaka 2025. Fainali ya Carabao, yaani Kombe la Ligi la England, Newcastle na Liverpool, ilichezwa Wembley tarehe 16 Machi, saa 10:30 jioni ya kule. Fainali ya FA, Crystal Palace na Manchester City, ilichezwa Wembley hapohapo tarehe 17 Mei, saa 10:30 vilevile. Huku kwetu ya kwanza ilianza saa 1:30 usiku na ya pili saa 12:30 jioni. Aliyekariri saa ya Machi alifika Mei akakuta kipindi cha pili ndiyo kinaanza, na goli pekee la mechi, la Eberechi Eze dakika ya 16, limeshafungwa zamani.

Ligi ya Mabingwa nayo ina mtego wake. Kwa miaka kadhaa fainali ilianza saa 3:00 usiku ya Ulaya ya kati, yaani saa 4:00 usiku kwetu. Kuanzia fainali ya 2026, ya Budapest, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, waliisogeza hadi saa 12:00 jioni ya kule. Kwa Dar, Nairobi na Kampala hiyo ni saa 1:00 usiku. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ni saa 12:00 jioni, sawa na Budapest kwa majira hayo, na Muscat ni saa 2:00 usiku. Ukizoea kula, kuoga na kutoka nyumbani saa tatu na nusu, mpira utakuwa umekwisha.

Tangazo la kimataifa likiandika 19:00 usilisome "saa saba". Ondoa sita, jibu likizidi kumi na mbili, ondoa kumi na mbili tena. 19 toa 6 ni 13, toa 12 ni saa moja. Lakini kwanza hakikisha hiyo 19:00 ni ya wapi. Mabango yanayosambaa WhatsApp mara nyingi yamenakiliwa kutoka kurasa za Lagos au London, na Lagos iko nyuma yetu kwa saa mbili. Bango lisilotaja mji si la kuaminiwa.

Tenga saa tatu, si mbili. Dakika 90, mapumziko 15, dakika za majeruhi, halafu fainali ikienda sare kuna nyongeza ya dakika 30 na matuta. Istanbul 2005 Milan waliingia mapumziko wakiongoza 3-0. Waliorudi nyumbani saa hiyo walilala vizuri sana, na asubuhi wakaambiwa Liverpool wamechukua kombe kwa matuta. Mpira wenyewe pia unaweza kuchelewa: Paris 2022 ulianza dakika 36 baada ya muda uliotangazwa. Kwa wanaoswali, fainali ya saa moja usiku inaanza baada ya Magharibi lakini Isha inaingia mpira ukiendelea, na ile ya Machi 2025 iliangukia Ramadhani, ikagongana na tarawehe moja kwa moja. Mambo haya panga na nafsi yako mapema, si kipenga kikishapulizwa.

Malipo ya king'amuzi yafanye siku mbili au tatu kabla. Sababu si mtandao wa simu kuzidiwa peke yake. Ukilipa, kampuni inatuma amri ya kufungua chaneli kupitia satelaiti, na king'amuzi kikiwa kimezimwa amri hiyo hakiipati. Kiwashe, kiweke kwenye chaneli yenyewe ya michezo, ndipo ulipe, halafu kiache hivyo walau nusu saa. Kwa watumiaji wa DStv, E16 maana yake chaneli haijafunguliwa, hivyo shida ni malipo au kifurushi. E48 maana yake mawimbi hayafiki, hivyo shida ni dishi au kebo. Watu hupoteza kipindi kizima wakizungusha dishi kumbe kilichokuwa kinasumbua ni E16. Na kulipa si kumaliza: thibitisha kwenye ratiba kwamba fainali iko kwenye kifurushi chako. Kuona ligi msimu mzima si ushahidi kwamba kombe nalo limo.

Sasa dishi. Fainali nyingi za Ulaya zinaangukia Mei, na Mei kwa pwani yetu masika bado hayajaaga. Mawimbi ya dishi dogo la nyumbani hunyonywa na matone ya mvua, na hilo hulizuii. Unachoweza kufanya ni kuwa na akiba. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi siku ya jua. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Unaopaswa kuutazama ni ubora. Ukiwa katikati tu juani, manyunyu yatauzima. Dishi lililopinda kidogo linafanya kazi vizuri siku za kawaida, ndiyo maana mwenyewe hajui kuwa limepinda.

Kabla ya kumwita fundi, angalia mambo matatu. Kwanza mti: mwembe uliokuwa mfupi dishi lilipofungwa huenda sasa umelikinga. Pili, nati za mhimili wa dishi, kama zimelegea kwa upepo. Tatu, na hapa ndipo penye ugonjwa mara nyingi, ni pale kebo inapoingia kwenye LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi. Maji yakipenya, waya wa kati unaota kutu ya kijani. Kata sentimita tano za kebo, funga kiungio kipya, zungushia mpira au silikoni, na iachie kebo ining'inie kidogo chini ya kiungio ili maji yadondoke badala ya kuifuata ndani. Kazi yote haizidi dakika ishirini, lakini si ya kufanya juu ya bati lililolowa.

Umeme ukikatika, kinachouma si giza, ni king'amuzi. Televisheni inawaka upya mara moja. King'amuzi kinaweza kuchukua dakika kadhaa kutafuta mawimbi na kufungua chaneli. Kwa hiyo hata kama una jenereta, kiweke king'amuzi kwenye UPS ya kompyuta, kile kiboksi cha umeme wa akiba. Betri yake ya volti 12 na Ah 7 (ampea-saa) ni ndogo, lakini king'amuzi kinakula kama wati 15 tu, hivyo inatosha kuvuka pengo la kuwasha jenereta. Ukiiunganisha na televisheni ya inchi 32 pia, hesabu nusu saa. Anayetaka mechi nzima bila kelele atafute betri ya Ah 100 na inveta: ukitumia nusu tu ya chaji ili usiiue betri, unabaki na takriban wati-saa 500 baada ya hasara ya inveta, na hiyo inabeba televisheni ya inchi 43 na king'amuzi kwa saa tano hivi.

Jenereta ndogo za wati 950 zina injini inayotaka petroli iliyochanganywa na oili, kwa kawaida 50 kwa 1: lita tatu za petroli, mililita 60 za oili. Lita tatu zinatosha fainali na matuta yake. Jaza kabla ya mechi, maana kumimina petroli kwenye injini ya moto wakati wa mapumziko ndiko kunakounguza vibanda. Na ikae nje kabisa, si ukumbini na dirisha wazi. Ndani ya moshi wake mna gesi inayoua, na gesi hiyo haina harufu ya kukuonya.

Anayetazama kwa simu ahesabu bando. Picha ya kawaida ya kasi ya megabiti 3 kwa sekunde inakula kama GB 1.35 kwa saa, kwa hiyo saa tatu ni GB 4. Ya megabiti 5 inafika karibu GB 7. Bando la saa 24 lililonunuliwa jana saa mbili usiku litakufia kabla mpira haujaisha. Kingine ni kuchelewa: picha ya mtandaoni mara nyingi iko nyuma ya dishi kwa nusu dakika au zaidi. Kibanda umiza cha jirani, lile banda la kulipia kutazama mpira, kitashangilia goli wakati kwenye simu yako bado wanapiga kona. Kwenye matuta ni balaa, maana nusu dakika ni karibu tuta zima. Zima arifa za programu za matokeo, nyamazisha makundi, na kama kuna dishi mtaa wa pili, bora umlipe mwenye nalo.

Ukiamua kwenda kibandani, fika saa moja kabla na muulize mwenye banda maswali mawili: umeme wa akiba upo, na king'amuzi ni cha dishi au anavuta mtandaoni? Anayesitasita kwenye la pili muache. Ukishaingia, usikae mbele kabisa. Skrini ikiwa juu, safu ya kwanza hutazama fainali kwa shingo. Safu ya tatu, upande wa mlango, unaona uwanja wote, unapata hewa, na kombe likishanyanyuliwa unatoka kabla ya msongamano wa bodaboda.