Chanjo ya homa ya ini A kwa watoto wanaokuja Nairobi: siku kumi bado zinatosha

Ndugu, umeuliza mawili: iwapo watoto wako waliozaliwa Uingereza, wa miaka 9 na 4, wamechelewa kuchanjwa homa ya ini A ilhali wanatua uwanja wa ndege wa JKIA baada ya siku kumi, na iwapo wewe uliyekulia mtaa wa Kariobangi unaihitaji.

Watoto hawajachelewa. Tangu kirusi kimezwe hadi mtu augue hupita siku 15 hadi 50, wastani 28, na dozi moja hujenga kinga ndani ya wiki mbili hadi nne. Ndiyo maana hata anayechomwa siku ya kupanda ndege hufaidika. Lakini usingoje siku hiyo, wapeleke kesho. Dozi ya mtoto ya Havrix, mojawapo ya chanjo za A, ni uniti 720 ndani ya nusu mililita, ya mtu mzima ni 1440 ndani ya mililita moja. Ya pili huja baada ya miezi 6 hadi 12, na kazi yake ni kuifanya kinga idumu miaka mingi. Ikicheleweshwa, anachomwa hiyo iliyobaki tu, haanzi upya.

Kosa linalowapata wengi ni chanjo ya pamoja ya A na B. Mfano wake, Twinrix ya watu wazima, ina nusu tu ya nguvu ya A, kwa hiyo dozi moja kabla ya safari haitoshi. Kwa muda mliobakiwa nao, ombeni ya A peke yake. Wala usitulie kwa kuwa kadi ya kliniki imeandikwa wamepata ya homa ya ini: ya watoto wachanga, hapa Kenya na kule Uingereza, ni ya B, na B haikingi A.

Wewe mwenyewe ni habari nyingine. Mtu aliyekulia mtaa wa maji ya mitungi huenda alishaambukizwa utotoni bila kujua, maana wengi wa walio chini ya miaka 6 hawageuki macho ya manjano. Akishapona, kinga ni ya maisha. Pima damu kwanza, na hapa sisitiza: mwambie wa maabara unataka kingamwili (protini za kinga zilizo kwenye damu) za IgG au za jumla dhidi ya A. Wakikupimia IgM, wanatafuta maambukizi mapya, na jibu la "hakuna" halikwambii lolote kuhusu kinga ya zamani. Kama kipimo kinakaribia bei ya sindano, choma tu. Kumchanja mwenye kinga hakumdhuru. Mwenye ugonjwa sugu wa ini, mwenye kinga dhaifu au aliyepita miaka 40 na anasafiri kabla ya wiki mbili amwone daktari, kwani huenda akahitaji na imunoglobulini, yaani sindano ya kingamwili zilizo tayari.

Watoto waliolelewa Kileleshwa kwa maji safi nao wanaweza kufika utu uzima bila kinga yoyote, na mtu mzima huugua vibaya kuliko mtoto. Wazazi wa huko wasidhani kuzaliwa Nairobi kunatosha.

Chanjo hukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana salama. Kwa hiyo usiinunue duka la dawa la mjini ukaenda nayo mfukoni hadi Umoja kwenye matatu. Ichomwe pale inapohifadhiwa, begani, si tako, na jina, tarehe na nambari ya toleo viandikwe kwenye kadi. Inaweza kutolewa siku moja na ya homa ya manjano, kila moja mahali pake.

Wakati kinga inajijenga, kachumbari ya barabarani na barafu ya juisi ziachwe. Kugandisha hakuui kirusi hiki, na vitakasa mikono vya spiriti havikiwezi vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo njia. Maji yachemke kabisa. Na endapo mtu wa nyumbani ataugua, wasio na chanjo wachomwe ndani ya siku 14 tangu wakutane naye. Msisubiri macho yao yageuke, kwani anayeambukizwa huwa anaeneza kirusi wiki moja hadi mbili kabla ya hapo.