Mahali pa pili pa kwenda: barua kwa mwanangu aliye Gulu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Busia. Nyumbani sote tu wazima, na baba yako anakushukuru kwa dawa ulizomtumia. Barua yako nimeisoma kwa makini. Umeniambia kwamba wewe na walimu wenzako mlibishana juu ya hukumu ya Thomas Kwoyelo, yule kamanda wa LRA, waasi wa kaskazini mwa Uganda, aliyefungwa kwa ukatili wa vita, mmoja akashikilia kwamba binadamu ni mbaya kwa asili na asipotishwa na serikali kali atamla mwenzake, mwingine akasema binadamu huzaliwa mwema na serikali ndiyo inayomharibu. Nawe ukataka kujua mimi, niliyekuwa karani wa mahakama ya hakimu mpaka nikastaafu, nasimama upande gani. Sisimami upande wowote kati ya hizo mbili, wala si kwa woga. Naona ubishi wenyewe ulianzia mahali pasipofaa.

Nianze na huyo wa kwanza. Hoja yake ni ya Mwingereza Thomas Hobbes, aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1651, miaka miwili baada ya Waingereza kumkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza, huku yeye mwenyewe akiwa amekimbilia Paris kwa kuhofia machafuko yaliyozaa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alihitimisha kwamba watu wasio na mtawala wa kuwatisha wote huishi katika vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu, na kwa hiyo ni afadhali wakabidhi nguvu zote mahali pamoja, hata kama mahali hapo hapatawapendeza. Usimdharau. Mtu yeyote aliyekuwa Kampala Aprili 1979 anamwelewa. Nilikuwa msichana, nakaa kwa shangazi yangu, jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipouteka mji tarehe 11 na askari wa Idi Amin wakatoweka. Kwa siku kadhaa hapakuwa na polisi wala hakimu, na watu niliowajua kwa heshima zao, watu wa sala, walipita mbele ya nyumba yetu wakiwa wamebeba viti vya ofisi na marobota ya nguo ambayo hawakuyanunua. Lakini miongoni mwa haohao walikuwamo waliowaficha majirani waliokuwa wakisakwa kwa sababu ya kabila lao tu, na walifanya hivyo wakijua kwamba wakigunduliwa watauawa pamoja nao. Ukiniuliza ipi kati ya hizo ndiyo asili ya binadamu, nitakujibu kwamba zote mbili, na mara nyingi ndani ya mtu mmoja na katika wiki moja.

Ndiyo maana swali la kama binadamu ni mwema au mwovu halinisaidii sana. Jambo linalonisaidia ni lile ambalo Hobbes alilipita haraka mno, kwamba anayekabidhiwa nguvu zote naye ni binadamu. Mwenzako akisema kwamba watu ni wabaya, kwa hiyo tunahitaji mkono wa chuma, muulize huo mkono ni wa kiumbe gani. Mwingereza mwingine, John Locke, alilisema hilo karibu miaka 40 baadaye kwa dhihaka: kwamba ni ajabu kuwadhania watu ujinga wa kukwepa madhara ya vicheche na mbweha, kisha wakaona ni salama kuliwa na simba. Na mjomba wako, ambaye hachoki kutukumbusha kwamba si kila fikra nzuri imetoka Ulaya, angekuambia kwamba karibu miaka 300 kabla ya Locke, Ibn Khaldun, ambaye aliwahi kuwa kadhi wa Kimaliki kule Cairo na kuondolewa na kurudishwa katika kiti hicho zaidi ya mara moja, alieleza serikali kuwa ni kitu kinachozuia dhuluma, isipokuwa ile dhuluma inayoitenda yenyewe. Sijapata maelezo mafupi ya serikali yanayonitosha kuliko hayo. Yanakubali kwamba tunaihitaji, na papo hapo yanakataa kuisifu.

Sasa nikueleze ninavyoiona haki mimi, kwa jinsi nilivyoiona ikitafutwa na watu wenye vumbi miguuni. Haki kwa mnyonge ni kuwa na mahali pa pili pa kwenda. Akikosa kusikilizwa na ndugu, aende kwa kijiji. Akionewa na kijiji, aende kwa hakimu. Akionewa na askari au na waziri, awepo jaji anayeweza kumwambia askari au waziri kwamba umekosea, mwachilie. Kazi ya serikali ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya ni kulinda mlolongo huo wa milango, na dalili ya kwanza ya serikali kuoza ni kuanza kuifunga mmoja mmoja, ikianzia ule wa juu.

Mlango wa chini unaufahamu. Mabaraza ya vijiji yalianza kama mabaraza ya upinzani wakati wa vita vya msituni vya Museveni kule Luwero, yakapewa mamlaka ya kuamua mashauri kwa sheria ya 1988, na leo mahakama za LC, yaani za mabaraza ya mitaa, zinafuata sheria ya 2006. Baraza la LC haliwezi kumfunga mtu jela. Linaweza kuamuru aombe radhi, alipe fidia, apatane na mwenzake, na kwa madeni madogo, ugomvi wa majirani na mipaka ya mashamba ya kimila, hilo hutosha kwa sehemu kubwa ya maisha ya watu wetu. Nguvu yake ni kwamba linajua. Wajumbe wanamjua nani alipanda mimea ya mpaka na lini ilihamishwa usiku. Shahidi akidanganya, watu waliokaa nyuma huguna. Tena walioshtakiana watakutana kesho kisimani, kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kutotaka ushindi uliopita kiasi. Aliyesema kwamba bila bunduki hakuna haki hajakaa kwenye kikao cha baraza la kijiji kilichoendeshwa vizuri.

Hata hivyo kujuana huko ndiko kunakomwumiza mtu asiye na watu. Nilipokuwa kazini, shauri moja lilifika kwetu kwa rufaa, la mjane aliyefukuzwa shambani na shemeji zake kabla arobaini ya mumewe haijaisha. Kijijini alishindwa, na hakuna aliyedanganya sana. Ni kwamba mwenyekiti alikuwa binamu ya marehemu, mashahidi walikuwa wa ukoo, na mwanamke yule alikuwa ameolewa kutoka mbali, kwa hiyo kila aliyefungua mdomo aliona ni jambo la kawaida kabisa mali irudi kwao. Hakimu aliyempa haki yake hakuwa mtu mwema kuliko wanakijiji wale. Nilifanya naye kazi, najua ukali wake na choyo chake. Alikuwa tu hana ndugu katika shauri lile, na alikuwa na sheria mezani. Sheria yenyewe ilikuwa na kasoro zake, kwani mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vya sheria ya mirathi vilivyowabagua wanawake, na Bunge likachukua mpaka 2022 kuirekebisha. Miaka 15, mwanangu! Wakati huo wote wajane walikuwa wakifukuzwa.

Utaona basi kwamba haki inataka ukaribu na umbali kwa pamoja: ukaribu wa kuyajua mambo, na umbali wa kutokuwa na deni kwa yeyote kati ya wanaogombana. Kila kimoja kikiachwa peke yake huharibika. Mwenyekiti wa kijiji asiyeogopa rufaa hugeuka kuwa mfalme mdogo anayedai pesa ya muhuri kwa kila barua, na ilisaidia sana kuzorotesha mabaraza hayo kwamba mpaka 2018 wenyeviti wetu wengi walikuwa wamekaa zaidi ya miaka 15 bila uchaguzi. Kwa upande wa pili, mahakama iliyo mbali huanza kuwaona watu kama majalada. Katiba ya 1995, katika ibara ya 126, inasema kwamba mamlaka ya mahakama yanatoka kwa wananchi, na kwamba haki yenyewe itendwe bila kujali kupita kiasi mambo ya utaratibu. Nami kwa macho yangu nimewaona wazee waliotumia nauli ya mwezi mzima wakirudishwa nyumbani kwa sababu karatasi moja ilikosa sahihi.

Mlango wa juu ndio ghali kuliko yote. Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa Waziri Mkuu wetu wa kwanza kabla ya uhuru, aliteuliwa na Amin mwenyewe mwaka 1971 kuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 aliamuru aachiliwe Mwingereza mmoja aliyekuwa amezuiliwa na wanajeshi bila mashtaka. Halikuwa jambo kubwa kisheria. Jaji yeyote aliyesoma angeamua hivyo. Tarehe 21 mwezi huohuo watu wenye silaha walimtoa ndani ya Mahakama Kuu mchana kweupe, na hakurudi. Watu humkumbuka kama shujaa, na ni haki yake, lakini mimi huwafikiria zaidi wale ambao majina yao hayakuandikwa popote: mwanamke ambaye mumewe alichukuliwa wiki iliyofuata, alikwenda kwa nani? Jaji Mkuu mwenyewe alikuwa hana pa kwenda. Miaka ya mauaji iliyofuata haikuhitaji Waganda wawe wameharibika asili zao. Ilihitaji tu kwamba anayeua ajue hakuna wa kumwuliza.

Kuhusu siku zetu hizi, pensheni yangu bado naihitaji, kwa hiyo nitataja yaliyo wazi tu. Januari 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia wasishtakiwe katika mahakama za kijeshi; kabla mwaka haujafika katikati, Bunge likapitisha sheria mpya inayoruhusu hilo katika mashauri fulani. Soma yote mawili, hukumu na sheria, kisha ujiulize kila moja inafungua mlango gani na inafunga upi.

Nimekawia kufika kwa Kwoyelo, kwa sababu bila hayo ya juu jibu langu lingeonekana la kukwepa. Alitekwa na waasi wa LRA akiwa mtoto aliyekuwa njiani kwenda shule, kama Dominic Ongwen, kamanda mwingine wa LRA, na kama yeye akapanda vyeo katika jeshi lililomwiba. Ongwen alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, mwaka 2021 miaka 25, na majaji walikataa kumpa kifungo cha maisha kwa sababu walizingatia utoto wake. Kwoyelo alihukumiwa huko kwenu Gulu miaka 40, Oktoba 2024, baada ya kukaa mahabusu tangu 2009. Wenzako wote wawili wanamtumia mtu huyu kuthibitisha hoja zao, na kwangu hathibitishi hata moja. Ikiwa mtoto mwema anaweza kufanywa mwuaji, wema wa asili haukumkinga. Na ikiwa mtu mbaya ndiye aliyeua, tueleze basi mbona maelfu ya waliotekwa pamoja naye walitoroka, wakaomba msamaha chini ya sheria ya 2000, wakarudi kulima na kuishi na majirani zao. Ninaona ni sawa kwamba alihukumiwa, kwa kuwa aliowakata na kuwachoma hawakumteka. Ninaona si sawa kwamba hukumu ilichukua miaka 15, kwani hata waathirika wengi walizeeka au kufa wakiingojea.

Najua huko Acholi watakuambia kwamba mato oput ingefaa kuliko jela, mkosaji akiri, ukoo wake ulipe, kisha pande mbili zinywe pamoja ule mzizi mchungu. Nauheshimu utaratibu huo, na ni ukaribu wa haki kwa namna yake bora. Ila uliwekwa kwa ajili ya koo zinazojuana, ambapo anayejulikana ameua anayejulikana. Vita hivi vilichoma vijiji ambavyo hakuna aliyebaki kukiri mbele yake, na vilivuka mpaka wa Waacholi kwenda kwa Walango, Waiteso na wengine.

Kitu ninachotaka ukipeleke kwenye ubishi wenu ni uamuzi wa Desemba 2024, ambao watu wameuzungumza kidogo mno. Kwoyelo hana mali, kwa hiyo mahakama ileile ya Gulu iliamuru serikali iwalipe fidia waathirika wake, kiasi kisichozidi shilingi milioni 10 kwa kila mmoja, kwa sababu ukatili ule ulikuwa pia ushahidi kwamba serikali ilishindwa kuwalinda. Fikiria hilo kidogo. Mahakama ya serikali, ndani ya nchi, iliiambia serikali kwamba ilishindwa kulinda watu wake, na kwangu maana yake ni kwamba kabla ya kuuliza moyo wa mtoto yule ulikuwaje, tuulize nani alipaswa kuwa barabarani asubuhi aliyotekwa. Hobbes mwenyewe asingeweza kulikataa, kwani kwake yeye utiifu wetu hudumu kadiri mtawala anavyoweza kutulinda.

Amri ni karatasi mpaka ilipwe. Wewe uko karibu na waathirika hao kuliko mimi. Wamo wazazi wa wanafunzi wako waliotoka Pabbo na Amuru, alikoshambulia Kwoyelo. Waulize kwa adabu, ukianza na wale wanaokufahamu, kama kuna aliyeandikishwa, nani anaandikisha, na wameambiwa wasubiri wapi. Usiwaahidi chochote. Niandikie watakayokuambia, nami nitakueleza ni ofisi gani ya mahakama inayopokea barua za namna hiyo na zinavyopaswa kuandikwa ili zisirudishwe.

Mama yako,
Busia