Mtoto analilia kanga ya dada wa kazi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi niko Dodoma, nina binti wa miaka miwili na nusu. Dada aliyemlea tangu ana miezi mitatu kaondoka wiki mbili sasa, kaenda kwao kuolewa, na tulimtoa alfajiri mtoto kalala ili asilie. Kaacha kipande cha kanga, basi mtoto halali bila hicho kipande, anaita dada dada, nikimbeba ananisukuma. Nimeumia sana, maziwa nanunua mimi, kila kitu mimi. Nataka kuitupa hiyo kanga, nakosea?
Mama K.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Usiitupe, na wala usiifue kwanza, harufu ndo anayoitafuta humo.

Hilo la maziwa naelewa linavyouma, ila moyo wa mtoto haufuati maziwa. Mwanasaikolojia Mmarekani Harry Harlow alionyesha hivyo mwaka 1958 kwa vitoto vya kima, aliwawekea mama wawili wa bandia, mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa na mwingine wa kitambaa laini asiye na kitu, wakawa wananyonya kwa wa waya halafu haraka wanarudi kumkumbatia wa kitambaa, siku nzima wako hapo. Na hapa kwa jirani zetu Uganda, mwaka 1954 alifika mtafiti wa malezi ya watoto, Mary Ainsworth, akawa anatembelea kina mama 26 vijiji vya karibu na Kampala, akaona watoto wanashikamana na mama yao na bado wanashikamana na baba, bibi, yeyote anayewaitikia. Kwa hiyo dada hajakunyang'anya mtoto. Kamlea vizuri, ndo maana analiliwa.

Kilichoniuma mimi ni ile alfajiri. Mtoto kaamka mtu wake hayupo, hakuna aliyemwambia, sasa anakusukuma kwa uchungu, sio kwa kukuchukia. Akikusukuma usiondoke, kaa hapohapo chini pembeni yake, na hata akilia nusu saa mwambie tu "unammiss dada, hata mimi nammiss".

Leo jioni mpigie huyo dada, weka spika, amuage mtoto kwa sauti yake, amwambie kaenda kwao na mama yupo. Atalia, mwache alie ukiwa umempakata, na hiyo kanga jifunikeni wote wawili.