Nguo za Kazi za Baba

SWALI: Shikamoo mzee. Mume wangu anavunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Akirudi jioni, mtoto wetu wa miaka miwili humrukia kabla hata hajabadili nguo. Nikimwambia kazi ile ina sumu, hunijibu kwamba tanuri liko mbali na nyumba. Sasa nasikia itapigwa marufuku. Nifurahi au nilie?
Mke wa Fundi

JIBU: Marahaba, binti. Tanuri liko mbali, ila vumbi mnalo ndani. Nilipokuwa mkaguzi wa viwanda, nilikutana na kijana aliyeniapia kwamba yeye hakaribii moto, kazi yake kupakua tu. Nikapitisha kitambaa cheupe kilicholowa ndani ya kofia yake. Kikatoka rangi ya penseli. Kofia hiyo, akaniambia, huitundika juu ya kitanda cha wanawe.

Kwa hiyo mumeo avue nguo hukohuko kazini, zifuliwe huko, naye aoge kabla ya kutoka. Pasipo na bafu, abadili nje ya mlango bila kuzikung'uta, nawe uzifue peke yake. Sakafu ipige deki. Ufagio mkavu unalirusha tu vumbi. Halafu mpeleke mtoto akapimwe damu, hata kama anacheza vizuri, maana mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na ubongo huweza kuathirika bila dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Ikifika maikrogramu 5 kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Kama una mimba, nawe upimwe.

Kuhusu marufuku, mimi siipendi. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ina soko. Ukifunga yadi bila kuweka mpango mwingine, kazi inahamia uani. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar nchini Senegal, watu walichekecha udongo wa mahali palipokuwa pakivunjwa betri ili wapate vipande vya kuuza. Watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008.

Ningeandika mimi sheria, anayeuza betri mpya angelazimika kupokea ya zamani ikiwa nzima, tindikali yake ndani. Leseni ya kuyeyusha ingepewa kiwanda kinachonasa moshi na vumbi, basi. Na wafanyakazi wangepimwa damu kwa gharama ya mwajiri, majibu wakabidhiwe wenyewe. Hili nalisema kwa uchungu: nimewahi kuyakuta majibu ya mwaka mzima yamefungiwa kwenye droo ya meneja, wenyewe wakiambiwa wako salama.

Mumeo akibisha, usigombane naye. Mpe kitambaa cheupe, ukiloweshe, umwombe afute ndani ya kofia yake.