Mashairi ya Tang: anza na moja tu

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye Kichina cha kuombea maji anaweza kusoma mashairi ya enzi ya Tang (618–907), na aanzie wapi. Anaweza. Mimi niliyasomea hukohuko China, sasa nayafundisha, na nakushauri uachane kwanza na ile diwani ya mashairi mia tatu ambayo kila mtu atakutajia. Chukua shairi moja ukae nalo wiki nzima. Wanafunzi wangu huwaanzishia lile la Du Fu la usiku wa mbalamwezi.

Usilisome kabla hujajua lilikotokea. Mwaka 755 jemadari An Lushan aliasi. Mwaka uliofuata mji mkuu Chang'an (Xi'an ya leo) ukatekwa, mfalme akakimbilia Sichuan. Du Fu aliiacha familia yake Fuzhou, upande wa kaskazini, akakamatwa njiani na waasi wakampeleka Chang'an. Huko ndiko anakoutazama mwezi. Sasa ona anavyofanya: hasemi popote kwamba anamkumbuka mkewe. Anamwona mkewe kule Fuzhou akiutazama mwezi huohuo peke yake, na watoto ni wadogo mno, hawajajua kuikumbuka Chang'an aliko baba yao. Darasa hukwama hapa kila mara: mbona mtunzi mwenyewe hayumo? Yumo, tena tele, ila kwa macho ya mkewe.

Umbo halitakusumbua kama umelelewa na vina na mizani. Mishororo minane, herufi tano kila mmoja, na kila herufi ni silabi moja. Vina viko mshororo wa pili, wa nne, wa sita na wa nane: kan, an, han, gan. Wa tano na wa sita inajibizana neno kwa neno: ukungu na mwanga, nywele na mikono, kulowa na baridi.

Kazi iko kwenye toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti ya silabi. Kanuni inakataza mshororo wa tano kuishia na toni bapa (sauti isiyopanda wala kushuka), lakini hilo neno la kulowa kwa Kimandarini, Kichina sanifu cha leo, ni shi, bapa kabisa! Matamshi ndiyo yaliyobadilika. Mtafute mtu wa Hong Kong au Guangzhou akusomee kwa Kikantoni: atasema sap, midomo imefungwa, na maneno yenye mwisho wa namna hiyo zamani hayakuhesabiwa bapa.

Ukimaliza, nenda kwa Wang Wei, mshairi mwingine wa Tang, lile shairi alilotunga akiwa na miaka 17 kuhusu sikukuu ya tarehe 9 mwezi wa 9 kwa kalenda ya Kichina. Herufi 28 tu, na mbinu ni ileile: anawaona ndugu zake wakipanda mlima, na mtu mmoja amepungua.