Maswali yenu: gemu, waasi na watawala wasiotaka kutoka

Safari iliyopita niliandika kwamba nusu ya gemu za RPG (zile unazocheza kama mhusika ndani ya hadithi ndefu) ninazozipenda zina hadithi moja: kijana asiye na kitu, himaya katili, kundi la waasi lililojificha pangoni. Nilitegemea mniulize mbinu za kupanda levo. Mmeniuliza siasa. Haya.

Kaka, kwa nini kwenye gemu ukishampiga mfalme dhalimu kila kitu kimekwisha, lakini duniani watu wanaandamana miezi na mtawala yuko palepale? (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu gemu inataka bosi wa mwisho. Umepanda levo kwa saa arobaini, umenunua upanga wa bei mbaya. Ukiambiwa mfalme kaondoka kwa helikopta wakati wewe uko dukani unatafuta dawa, utavunja padi.

Lakini wa kweli huondoka hivyohivyo. Tarehe 21 Desemba 1989, Nicolae Ceaușescu wa Romania aliitisha mwenyewe mkutano wa hadhara Bucharest, siku chache baada ya askari wake kuwapiga risasi waandamanaji wa Timișoara. Watu walioletwa kumshangilia wakaanza kumzomea. Akaahidi nyongeza ya mishahara palepale kwenye kipaza sauti. Kesho yake ikatangazwa kwamba waziri wake wa ulinzi, Vasile Milea, amefariki. Jeshi likahamia upande wa umma, na Ceaușescu na mkewe Elena wakapaa kutoka juu ya paa la makao makuu ya chama. Siku ya Krismasi walipigwa risasi, baada ya kesi iliyoisha kwa muda mfupi kuliko mechi ya mpira.

Hapo hakuna shujaa wala upanga. Nguvu za dikteta hazikai mwilini mwake. Zinakaa kwa askari anayetii amri, karani anayegonga muhuri, mtangazaji anayesoma taarifa ya habari. Ufilipino, Februari 1986, waziri wa ulinzi Juan Ponce Enrile na jenerali Fidel Ramos walimgeuka Rais Ferdinand Marcos wakajifungia kambini. Kardinali Jaime Sin akawaomba watu kupitia Radio Veritas waende kuwalinda. Barabara ya EDSA ikajaa, vifaru vikakwama mbele ya masista waliopiga magoti na rozari zao, na kufikia tarehe 25 Marcos alikuwa njiani kwenda Hawaii.

Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichambua kampeni 323 za kati ya 1900 na 2006. Zile zisizotumia silaha zilifanikiwa karibu mara mbili ya zile za bunduki. Sababu mojawapo haihitaji shahada: bibi wa miaka sabini hawezi kwenda msituni, ila anaweza kusimama barabarani, na askari aliye mbele yake anaweza kuwa mjukuu wa jirani yake. Sasa niambie ni gemu gani ya RPG itakuruhusu umalize bila kumpiga mtu. Zipo, lakini za kuhesabu.

Kuna gemu inayoonyesha uasi unavyoandaliwa, siyo kupigana tu? (Msomaji, Mwanza)

Suikoden, ya Konami, iliyotoka 1995. Wewe ni mtoto wa jenerali mkubwa wa himaya, Teo McDohl, na utafika siku ya kupambana na jeshi la baba yako mzazi. Hiyo peke yake ingetosha. Ila kinachonirudisha kila mara ni kazi ya kutafuta watu 108, idadi iliyochukuliwa kwenye riwaya ya kale ya Kichina ya majambazi wa kwenye mabwawa. Unapata ngome iliyochakaa katikati ya ziwa, na unaijaza mtu mmoja mmoja.

Wengi wao siyo wapiganaji. Yumo mpishi, mhunzi, mtengeneza mashua, dada wa kufua nguo, na jamaa ambaye haja yake ni kukujengea bafu tu. Mara ya kwanza unaona wanakupotezea muda. Baadaye unagundua kwamba bila wao ngome ni mawe matupu. Ukimkosa hata mmoja, mwisho mzuri kabisa wa hadithi hauupati.

Nilipokuwa nafuatilia Sudan mwaka 2019 nilikuwa nakumbuka ngome ile. Maandamano yalishika moto Atbara, Desemba 2018, mkate ulipopanda kutoka pauni moja hadi tatu. Atbara ni mji wa reli wenye historia ndefu ya vyama vya wafanyakazi, kwa hiyo haikuwa ajabu moto uanzie pale. Kisha uratibu ukashikwa na Umoja wa Wanataaluma wa Sudan: madaktari, waalimu, wahandisi, mawakili. Hawa ndio waliotangaza siku na njia za maandamano. Tarehe 6 Aprili umati ulifika mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum ukakataa kuondoka. Ndani ya siku chache palikuwa na majiko, zahanati za mahema, vijana wa kukagua wanaoingia, wauza chai, watu wa kuzoa takataka. Tarehe 11 Omar al-Bashir, aliyetawala tangu 1989, akaondolewa na majenerali wake. Tarehe 23 treni ikaingia kutoka Atbara, watu wamejaa mpaka juu ya mabehewa.

Picha iliyozunguka dunia ni ya yule dada mwenye thobe nyeupe aliyesimama juu ya gari. Picha nzuri. Lakini kwa mcheza Suikoden, swali ni nani alikuwa anapika.

Ni kweli Nepal walichagua waziri mkuu kwenye app ya wacheza gemu? Au ni umbea wa mtandaoni? (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli nusu. Mwanzoni mwa Septemba 2025 serikali ya K. P. Sharma Oli ilifungia mitandao 26 ya kijamii. Vijana, ambao tayari walikuwa na hasira na ufisadi na watoto wa vigogo wanaoonyesha utajiri mtandaoni, wakaingia barabarani tarehe 8. Watu wasiopungua 19 waliuawa siku hiyo moja. Kesho yake Oli akajiuzulu, na jengo la bunge likachomwa moto.

Hapo ndipo Discord inapoingia. Ilianzishwa 2015 kwa ajili ya watu wanaocheza gemu pamoja, waongee wakati wanapigana. Vijana wa Nepal walikuwa humo zamani, na kundi moja lililokuwa na wanachama zaidi ya 100,000 likageuka ukumbi wa mjadala: nani aongoze serikali ya mpito? Wakapiga kura, na jina lililoongoza ni la Sushila Karki, jaji mkuu mstaafu. Aliapishwa tarehe 12, mwanamke wa kwanza kushika uwaziri mkuu Nepal.

Nusu isiyo kweli ni hii: kura zile hazikufika 10,000 katika nchi ya watu karibu milioni 30, na hakuna aliyekaguliwa kitambulisho, hata mtu wa Mombasa angeweza kupiga. Aliyemteua ni rais, baada ya mazungumzo yaliyohusisha mkuu wa majeshi. Discord ilitoa jina, muhuri ulikuwa kwa wengine.

Hata hivyo siwacheki. Anayejua kuongoza watu arobaini kwenye mapambano ya mtandaoni, kila mmoja na kipaza sauti chake, ana ujuzi ambao wanasiasa wengi hawana: kumnyamazisha mpiga kelele bila kumfukuza. Nanyi Wakenya Juni 2024 mlichukua Zello, app ya kuongea kama redio ya upepo, mkaifanya ya maandamano. Watu huchukua kilicho mkononi.

Mbona baada ya dikteta kuanguka mambo mara nyingi huwa yaleyale? Na gemu zinalikwepa hilo. (Msomaji, Dodoma)

Nyingi zinalikwepa. Fable III haikulikwepa, japo iliboronga. Ilitoka Oktoba 2010, chini ya miezi miwili kabla mchuuzi Mohamed Bouazizi hajajiwasha moto Sidi Bouzid, Tunisia, tarehe 17 Desemba, na kuwasha maandamano yaliyomng'oa rais. Nusu ya kwanza unamwasi kaka yako, Mfalme Logan. Unazunguka kukusanya waungaji mkono, na kila kundi unaliahidi kitu. Unashinda, unavishwa taji, halafu gemu inaendelea. Unakuta hazina haitoshi, kuna adui mkubwa anakuja, na Logan alikuwa akiwakamua watu kwa sababu alilijua hilo. Sasa utimize ahadi au ujaze hazina? Ujenge makao ya yatima au danguro lenye faida?

Kuna mwanya ambao kila mchezaji aliugundua: nunua nyumba, kusanya kodi, kisha hamisha pesa zako binafsi kwenda hazina ya taifa. Ni mfalme pekee ninayemjua anayepeleka pesa upande huo. Rais wa Tunisia, Zine el-Abidine Ben Ali, alipokimbilia Saudi Arabia tarehe 14 Januari 2011, wachunguzi walikuta kasri lake la Sidi Bou Said lina manoti yaliyofichwa nyuma ya kabati la vitabu.

Na baada yake? Tunisia ilipata katiba mpya 2014, na tarehe 25 Julai 2021 Rais Kais Saied akasimamisha bunge. Misri ilimtoa Hosni Mubarak kwa siku 18, ikamchagua Mohamed Morsi 2012, jeshi likamwondoa Julai 2013. Sudan, majenerali walimtoa Bashir, wakapindua tena Oktoba 2021, na tangu Aprili 2023 wanapigana wenyewe kwa wenyewe juu ya migongo ya wananchi. Ukiangalia, Misri na Sudan aliyeondoka ni mtu mmoja tu kila nchi, na wenye bunduki walibaki na bunduki zao. Fable III haina jeshi lenye maslahi yake, na hapo ndipo ilipoboronga.

Mwanangu wa kidato cha pili anacheza gemu ya kupindua serikali. Nimzuie? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Hapana. Angalia umri ulioandikwa kwenye gemu, angalia anacheza saa ngapi, na angalia kama gemu inamwomba pesa kila mara. Hadithi ya waasi muulize akusimulie wakati wa chakula. Utajua mengi.

Waafrika tumetengeneza RPG yetu? (Msomaji, Bujumbura)

Ndiyo. Aurion: Legacy of the Kori-Odan, ya Kiro'o Games wa Yaoundé, Kamerun, ilitoka 2016. Cha kuchekesha, humo shujaa ndiye anayepinduliwa: Enzo Kori-Odan ananyang'anywa ufalme na shemeji yake siku ya kutawazwa, anatoka na mkewe Erine kutafuta nguvu za mababu. Imetengenezwa katika nchi yenye rais yuleyule tangu 1982, kwa hiyo nadhani waliona ni salama zaidi hivyo. Mapigano yake ni mazuri, maongezi yanarefuka.

Sina kompyuta wala PlayStation, nina simu. Nianze na ipi? (Msomaji, Goma)

Final Fantasy VI, toleo la Pixel Remaster. Unainunua mara moja, na inachezeka bila bando. Ni ya 1994, na inafanya kitu ambacho gemu chache zimethubutu: mfalme dhalimu Gestahl anauawa katikati ya hadithi, siyo na nyinyi waasi, bali na mtu wake mwenyewe, Kefka, na dunia inaharibika kuliko alivyoiacha yeye. Ukifika kwenye bara linaloelea, saa ikianza kuhesabu kurudi nyuma, usiruke mapema. Msubiri mwenzako Shadow mpaka sekunde tano za mwisho, la sivyo humpati tena.