Ramani ya karatasi kwa kazi za fildi: kwa nini nasema nunua

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kununua ramani za karatasi kwa kazi yako mpya ya kukagua vyanzo vya maji vijijini Kilindi, wakati simu unayo na GPS inashika vizuri. Wengi waliokujibu hapo juu wamesema utatupa hela bure. Mimi nimekula vumbi la fildi Tanga na Morogoro kwa miaka, na jibu langu ni kwamba nunua. Simu usiiache, lakini nunua.

Kwenye barabara simu haina mpinzani. GPS yake haihitaji mtandao wala bando. Pakua eneo lako lote kwenye programu ya ramani kama OsmAnd au Organic Maps kabla hujatoka mjini, na itakuonesha ulipo hata porini kusiko na mnara. Barabara mpya, shule mpya, zahanati, hivyo vyote utavipata kwenye simu kuliko kwenye karatasi iliyochapwa zamani. Kutoka Songe hadi kijiji fulani, fuata simu.

Ila kazi uliyopewa ni ya maji, na maji hayafuati barabara. Unataka kujua mvua ikinyesha Milima ya Nguu inashukia bonde gani, chemchemi iko juu ya kijiji au chini yake, na bomba likitoka pale litapanda au litashuka. Hapo ndipo karatasi ya 1:50,000 inapokuwa na thamani. Ni zile zile tulizokuwa tunapewa kipande chake kwenye mtihani wa Jiografia kidato cha nne: sentimita 2 ni kilomita 1, kontua (mistari ya kimo sawa) za kahawia, mito ya bluu, na mto wa msimu unaoneshwa kwa mstari uliokatikakatika. Karatasi moja inabeba dakika 15 za latitudo kwa 15 za longitudo, yaani karibu kilomita 28 kila upande. Unaitandaza mezani na bonde zima unaliona kwa mkupuo mmoja. Kwenye simu ukisogeza karibu unapoteza bonde, ukirudi nyuma kontua na majina vinafutika. Halafu majina yenyewe! Vilima na vijito vingi vilivyoandikwa kwenye karatasi hizi hutavikuta kwenye simu yoyote.

Sababu yangu kubwa lakini ni watu. Kikao kimoja ofisi ya kata, tulitandaza karatasi juu ya meza mbili zilizounganishwa, tukaibana pembe kwa mawe. Nilimwonesha mzee mmoja kanisa, mlima na njia panda ili apate pa kuanzia. Akanyamaza kidogo, kisha akaweka kidole kwenye kijito na kukifuata taratibu kuelekea chini. Akasema, "Mwanangu, hapa mmechora kinapita moja kwa moja. Sivyo. Kiangazi kinakatika hapa, kinazama mchangani, kinakuja kutokea kule kwenye mikuyu." Mama mmoja aliyekuwa nyuma akasogea. "Babu, hapo kwenye mikuyu ni zamani. Siku hizi kiangazi tunachimba hata hapo." Wakabishana, wengine wakaingia, vidole sita juu ya ramani kwa wakati mmoja, na mimi naandika kwa penseli palepale: hapa panakauka Agosti, hapa pana chumvi, hapa ng'ombe wanakunywa. Kwenye dodoso letu hapakuwa na swali hata moja ambalo lingeleta majibu hayo. Simu anashika mtu mmoja, wengine wanachungulia begani, na akigusa vibaya ramani inaruka. Ramani iliyo mezani ni ya wote waliopo, hata mzee asiyesoma herufi anasoma mto na mlima aliokulia.

Sasa tahadhari mbili, maana hapa ndipo watu wanapoanza kuilaumu karatasi.

Ya kwanza ni umri. Karatasi hizi zilichorwa kutokana na picha za anga, na nyingi za nyuma zilitengenezwa kwa ushirikiano na idara ya Waingereza ya upimaji wa ng'ambo, Directorate of Overseas Surveys. Soma ukingo wa chini utafute mwaka wa picha. Mwaka wa kuchapwa peke yake hautoshi, maana karatasi inaweza kuchapwa upya kwa picha zilezile za zamani. Kama picha ni za kabla ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya, utaona nukta za nyumba zimetawanyika mabondeni, na kijiji unachokwenda hakipo. Mimi nukta hizo nazipenda sana kwa kazi ya maji. Watu waliishi pale kwa sababu, na mara nyingi sababu ilikuwa chemchemi. Waulize wazee wa kijiji walihama kutoka wapi, na walikuwa wanateka wapi.

Ya pili ni datumu, yaani umbo la dunia na mahali pa kuanzia hesabu ya majira-nukta. Simu yako inatumia WGS84. Ramani zetu za 1:50,000, za Tanzania na za Kenya pia, zimejengwa juu ya Arc 1960. Ukichukua namba za kisima kwenye simu ukazipiga moja kwa moja kwenye karatasi, nukta itaangukia karibu mita 300 kusini mwa mahali pake, na kusogea kidogo mashariki. Kwenye karatasi ni milimita 6 tu, lakini milimita 6 zinatosha kukihamisha kisima kutoka ng'ambo moja ya mto hadi nyingine. GPS nyingi za mkononi zina Arc 1960 kwenye mipangilio, ichague. Kama unatumia QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, Kilindi iko kanda ya 37 kusini ya gridi ya UTM, msimbo wa kuchagua ni EPSG 21037. Programu itakubadilishia yenyewe.

Kununua: nenda Idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi, na upige simu kwanza kuuliza kama karatasi zako zipo. Usiombe "ramani ya Kilindi", omba kuoneshwa kielezo cha karatasi, ile ramani ndogo yenye miraba na namba. Namba ya mraba mkubwa inafuatwa na mkwaju na tarakimu ya robo yake: 1 ni kaskazini magharibi, 2 kaskazini mashariki, 3 kusini magharibi, 4 kusini mashariki. Kijiji kikiwa pembeni mwa karatasi, chukua na ya jirani. Wa Kenya, ofisi ya Survey of Kenya iko Ruaraka, Thika Road. Kwa kupanga safari tu, karatasi za zamani za 1:250,000 za Afrika Mashariki zimewekwa mtandaoni bure na maktaba ya Perry-Castañeda ya Chuo Kikuu cha Texas. Pakua, peleka steshenari yenye printa kubwa, wachape kwa rangi. Kontua kwa nyeusi na nyeupe zitakuchanganya na mito.

Asili ihifadhi ofisini, nenda fildi na nakala. Ikunje uso ukiwa nje ili uisome bila kuikunjua yote kwenye upepo, iweke kwenye mfuko wa plastiki wa zipu. Penseli, kamwe kalamu, wino ukilowa unaharibu hata kilichochapwa. Na nakala yenye maandishi ya wanakijiji piga picha jioni ileile, kisha chapa nyingine umwachie mtendaji wa kata.

Ukiweka hapa majina ya kata zako, nitakutafutia namba za karatasi ninazozijua.